Jua la Chini: Kupiga Picha za Vitu Vidogo vya Asili Jioni

Uyoga ulioota chini ya kichaka hauna machweo sawa na yako. Kwako wewe uliyesimama, jua limezama likishafika kwenye upeo wa macho. Kwa uyoga limeshazama zamani, tangu lilipojificha nyuma ya nyasi, jiwe au kilima cha upande wa magharibi. Jua likiwa nyuzi 6 juu ya upeo, kila kilichosimama hutupa kivuli kirefu mara tisa na nusu ya kimo chake, kwa hiyo kichaka cha mita moja tu kinaifunika ardhi ya nyuma yake kwa mita tisa na nusu. Kwenye ikweta, ambako jua hushuka karibu wima, nyuzi hizo 6 ni dakika 24 hadi 26. Ndiyo maana wengi husoma saa ya machweo kwenye simu, wakafika nusu saa kabla, wakapiga magoti, na kukuta mwanga wote umeshapanda kwenye matawi ya juu.

Kabla ya kuhangaika na vipimo vya kamera, basi, jiulize: jua litakigusa kitu hiki kutoka upande gani, na litakigusa hadi lini?

Kupima jua kwa ngumi

Fika saa moja na nusu kabla ya machweo, na nusu saa ya kwanza usipige kitu. Tembea polepole, macho chini, ukitafuta vitu vya kuanzia ukubwa wa kucha hadi ukubwa wa sinia: suke la nyasi, gome lililobanduka, jani lililonaswa na utando wa buibui, mbegu zenye manyoya, konokono, mikunjo ya mchanga iliyoachwa na maji, au kuvumwani, lile zulia la kijani linaloota kwenye mawe na magogo yenye unyevu.

Ukipata kitu, chuchumaa hadi jicho lako liwe kwenye kimo chake, kisha tazama magharibi. Hapo ndipo utakapoona jua litapotelea nyuma ya nini. Nyoosha mkono, kunja ngumi, uiweke juu ya kizuizi hicho. Ngumi ya mkono ulionyooshwa hufunika takriban nyuzi 10. Hesabu zinaingia ngumi ngapi kati ya kizuizi na jua, huku umelikinga jua lenyewe kwa kiganja cha pili ili usiumie macho. Kwenye ikweta ngumi moja ni kama dakika 40. Kwenye latitudo ya 45 ni karibu saa nzima, maana huko jua linashuka kwa mshazari na linasogea kando: kulia kwako unapolitazama ukiwa nusu ya kaskazini ya dunia, kushoto ukiwa nusu ya kusini. Msogeo huo una faida yake. Jua lililopotelea nyuma ya kigogo laweza kuchomoza tena upande wa pili, ukapata dakika tano ambazo hukuzitarajia.

Chagua vitu vitatu au vinne, si kumi. Vipange kwa zamu ya kufunikwa na kivuli: cha bondeni kwanza, cha kwenye mwinuko mwisho. Maua yanayofumba jioni, kama baadhi ya mayungiyungi, yatangulie yote, hata kama jua lake bado ni kali. Wadudu wasikupe haraka. Kadiri hewa inavyopoa ndivyo wepesi unavyowaisha, na vipepeo na kereng'ende wengi hutafuta bua la kulalia kabla giza halijaingia. Anayewakimbiza alasiri huishia kupiga picha za migongo yao. Anayengoja huwakuta wametulia wenyewe.

Jua likae wapi

Jua likiwa mgongoni mwako, kila kitu kinaangazwa sawasawa na kinalala bapa. Rangi zinakuwa nzuri, lakini mikwaruzo, vinyweleo na mabonde madogo vinapotea, kwa kuwa vivuli vyake vimejificha nyuma yake. Na kuna kero kubwa zaidi: kivuli chako mwenyewe. Mtu wa mita 1.7 ana kivuli cha mita 16 jua likiwa nyuzi 6, na wewe unataka kuwa sentimita 40 kutoka kwenye kitu chako. Ukilala chini kinafupika lakini hakiondoki. Upande huu uachie vitu vyenye rangi nzito na umbo sahili, kama ua moja jekundu, na hata hapo jisogeze kando nyuzi 30 hivi.

Jua la ubavuni ndilo la kusoma ngozi ya vitu. Gome, kuvumwani, mawe na mchanga hulihitaji. Lakini usiamini kwamba kadiri jua linavyoshuka ndivyo picha inavyozidi kuwa nzuri. Chukua mikunjo ya mchanga yenye kimo cha sentimita moja, iliyoachana kwa sentimita saba. Jua likiwa nyuzi 10, kila mkunjo unatupa kivuli cha karibu sentimita sita: unabaki ukanda mwembamba wa mwanga kati ya mkunjo na mkunjo, na mchanga unaonekana kama umechongwa. Likishuka hadi nyuzi 6, kivuli kinafika sentimita tisa na nusu, kinavuka hadi mkunjo wa pili, na kinachobaki na mwanga ni vilele tu juu ya giza. Picha hiyo nayo ina wapenzi wake, ila si ile uliyoijia. Kwenye kuvumwani ni vivyo hivyo: vile vijiti vyembamba vinavyobeba vifuko vya mbegumbegu juu yake hupendeza jua likiwa bado linaingia kati yake na kugusa kijani cha chini. Ukichelewa, vijiti vinang'aa na zulia lote linakuwa jeusi.

Giza likizidi upande usio na jua, tumia karatasi nyeupe ya A4. Ishike upande wa pili wa kitu, sentimita 20 hadi 30, uiinamishe taratibu huku ukitazama vivuli vinavyofunguka. Isogeze mbali hadi usiweze kusema kwa uhakika kama ina kazi, kisha irudishe nyuma kidogo tu. Karatasi ya fedha ya kufungia chakula, ikikunjwakunjwa na kunyooshwa tena, inarudisha mwanga mwingi zaidi, na kwa kawaida unazidi: kitu kinaonekana kina majua mawili. Flashi hapa haina nafasi. Nyeupe yake inagombana na mwanga wa jioni, na macho hulitambua gomvi hilo mara moja.

Jua likiwa mbele yako, nyuma ya kitu, ndipo jioni inapotoa vitu ambavyo mchana hauna. Jani jembamba linawaka na mishipa yake yote inahesabika. Malaika ya bua, yaani vinyweleo vyake laini, usiyoyaona hata ukiligusa kwa kidole, yanageuka ukingo wa fedha. Utando wa buibui unatokea pale ambapo palikuwa patupu. Sharti ni moja, nalo haliepukiki: nyuma ya kitu kinachowaka pawe na giza. Kingo za mwanga mbele ya anga jeupe hazionekani. Tafuta kichaka, kigogo au bonde lililokwisha kuingia kivulini, ujishushe au ujiinue hadi hilo ndilo liwe mandhari. Mara nyingi kushuka sentimita 10 kunatosha kuliondoa anga kwenye picha. Mara nyingine ni kinyume, unapaswa kupanda ili uitazame ardhi yenye kivuli.

Tahadhari hapa ni ya macho, si ya picha. Kamera yenye tundu la kuchungulia la kioo hukusanya jua na kulimwaga ndani ya jicho, na lenzi ndefu huzidisha. Jua likiwa ndani ya fremu au jirani yake, tumia skrini ya nyuma.

Jua la mbele huanika pia uchafu wote wa lenzi. Alama ya kidole ambayo mchana haikuonekana sasa inatandaza ukungu wa maziwa juu ya picha nzima, rangi nyeusi inakuwa kijivu, na watu hulaumu lenzi. Futa kioo kwa kitambaa laini kabla ya kuanza, na mara nyingine tena katikati. Kisha kinga lenzi yenyewe: kofia yake, kiganja, au kofia ya kichwani iliyoshikwa juu yake. Tazama skrini huku ukishusha kiganja polepole. Kuna mahali ambapo ukungu unakatika ghafla na rangi zinarudi. Simama hapo, hakikisha tu vidole havijaingia kwenye kona ya picha.

Ukitaka jua lenyewe lionekane kama nyota, lifiche nusu nyuma ya bua au ukingo wa jani na ufunge lenzi, yaani upunguze tundu lake la mwanga, hadi f/16 (kadiri namba ya f inavyokua ndivyo tundu linavyopungua). Idadi ya miale inategemea mabamba ya ndani ya lenzi yanayounda tundu hilo: yakiwa idadi shufwa, miale ni idadi hiyo hiyo, yakiwa witiri, ni maradufu. Lenzi ya mabamba 7 hutoa miale 14. Fanya mara moja, kisha achana nayo.

Rangi ya asali isiibwe

Mwanga wa jioni ni wa njano kwa sababu umepita hewa nyingi. Jua likiwa nyuzi 6, miale hukata unene wa hewa wa karibu mara tisa ya ule wa jua la utosini, na njiani bluu hutawanyika huku njano na nyekundu zikiendelea na safari. Kamera iliyoachiwa ijipangie rangi huihesabu asali hiyo kuwa kosa na kuisafisha. Toa mpangilio wa weupe kwenye otomatiki, weka alama ya jua, yaani takriban kelvini 5200. Alama ya wingu, karibu 6000, huongeza joto kidogo. Alama ya kivuli hupita kiasi: uyoga mweupe unatoka kama umepakwa rangi ya chungwa, na yale maeneo ya kivuli yenye ubuluu, ambayo ndiyo yanayofanya asali ionekane asali, yanapotea. Kama kamera inaweza kuhifadhi faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, hifadhi. Rangi utaipima tena nyumbani bila kuharibu kitu.

Vipimo vya kuanzia

Kwa kitu kinachopigwa na jua la chini, anza na f/8, ISO 400 (wepesi wa kamera kuitikia mwanga), shata 1/250 (muda wa kupokea mwanga, kwa sehemu ya sekunde). Kamera ikikubaliana nawe, endelea. Isipokubaliana, tambua imetazama nini. Mita ya kamera hutaka kila kitu kiwe na mwanga wa wastani, kwa hiyo gome jeusi linaloijaza fremu hulifanya kijivu, na uyoga mweupe nao huufanya kijivu. Kwa gome punguza hatua moja, yaani nusu ya mwanga. Kwa uyoga ongeza theluthi mbili za hatua hadi hatua moja. Kwa kitu kidogo kinachowaka mbele ya giza kubwa, punguza hatua moja hadi mbili, maana kamera inaliona lile giza na kukiunguza kitu chako.

Maua ya njano na ya chungwa yana mtego wa peke yake. Mwanga wenyewe umejaa nyekundu, ua nalo linarudisha nyekundu, na mkondo wa nyekundu kwenye kihisi, kile kibamba kinachopokea mwanga ndani ya kamera, unajaa hadi pomoni wakati histogramu ya jumla, yaani grafu ya mgawanyo wa mwanga, bado inaonyesha nafasi. Dalili yake utaiona ukikuza picha: petali zimekuwa bapa kama plastiki, mistari yake midogo imefutika. Washa histogramu ya rangi tatu, na kama haipo punguza theluthi mbili za hatua kwa kila ua la rangi hizo bila kuuliza.

Rudia kipimo kila baada ya dakika tano, na mwishoni kila baada ya dakika mbili. Kosa la kawaida kuliko yote saa hii ni kuweka vipimo kwa mkono, kunogewa na suke la nyasi, kisha kugundua kwamba picha ishirini za mwisho zinazidi kuwa nyeusi moja baada ya nyingine.

Ukali unaohesabiwa kwa milimita

Ukisogea karibu, unene wa eneo lenye ukali unapungua haraka kuliko watu wanavyodhani. Kwa kihisi cha milimita 36 kwa 24 na f/8, kitu kinachotua kwenye kihisi kwa sehemu ya kumi ya ukubwa wake halisi kina ukali wa takriban milimita 53 mbele hadi nyuma. Kikitua kwa nusu ya ukubwa wake, zinabaki milimita 3. Kikitua kwa ukubwa wake kamili, haifiki milimita moja. Kwa hiyo swali la kwanza si ufunge lenzi kiasi gani, ni je, unahitaji kukaribia hivyo? Uyoga uliopigwa kwa mbali kidogo, pamoja na majani yaliyouzunguka, mara nyingi hueleza zaidi kuliko kofia yake iliyojaza fremu.

Kufunga lenzi nako kuna mpaka. Ukikaribia ukubwa kamili, lenzi ya f/8 inafanya kazi kama f/16, mwanga umepungua hatua mbili. Kamera hulipia kwa kupunguza kasi ya shata, na picha inatikisika. Ukiweka f/16, kiuhalisia uko f/32, na hapo mwanga unaopinda kwenye ukingo wa tundu unalainisha picha nzima. f/8 hadi f/11 inatosha kwa vitu vya karibu sana. Kilichobaki kifanye kwa pembe: uweke uso wa kihisi uwe sambamba na kitu. Kipepeo aliyefunga mabawa, akipigwa ubavuni sawasawa, hutoka mkali bawa zima hata kwa f/5.6, kamera ikigeuka kidogo tu, nusu ya bawa inayeyuka.

Fokasi ya otomatiki huyumba kwenye vitu vyembamba, hasa ikiona jua. Iweke kwa mkono: zungusha pete hadi upate ukubwa unaoutaka, iache, kisha sogeza mwili wako mbele na nyuma kwa milimita chache huku ukipiga picha tano mfululizo. Mojawapo itakaa. Kuunganisha picha nyingi zenye fokasi tofauti kunawezekana jioni, lakini vivuli vinasogea na mwanga unapungua wakati unaendelea kupiga. Picha nane hadi kumi, ndani ya nusu dakika, kwenye kitu kisichotikiswa na upepo kama gome au jiwe. Kwa suke la nyasi usijisumbue.

Upepo

Ardhi ikianza kupoa, mbali na maji makubwa upepo kwa kawaida hupungua, na hiyo ni sababu nyingine ya kupiga jioni. Karibu na bahari au ziwa kubwa usiutegemee utulivu huo.

Bua likiyumba, lisubiri. Halitikisiki muda wote. Hufika ukingoni, hutua kidogo, hurudi. Piga pale linapotua, kwa shata ya 1/500 ukiweza, na uiache ISO ipande hadi 800 au 1600. Chembechembe za ISO zinavumilika, ukungu wa mtikisiko hauvumiliki. Likiendelea kusumbua, chomeka kijiti ardhini nje ya fremu na ulibane bua kwa kibanio cha nguo, sentimita 10 hadi 15 chini ya sehemu unayoipiga. Bana taratibu, usilipinde lionekane limenyooshwa kwa nguvu. Kukinga upepo kwa begi kunafaa pia, mradi upepo hautoki upande wa jua. Ukitoka huko, begi litakukatia mwanga wenyewe, na ni karatasi ya plastiki angavu tu itakayosaidia.

Tripodi fupi ni bora kuliko ndefu. Kwenye udongo laini ikandamize miguu yake kwanza, izame itakavyo, ndipo upange picha. La sivyo itazama katikati ya kazi. Tripodi isipokuwepo, mfuko wa kitambaa uliojaa mchanga au punje kavu hadi theluthi mbili huishika kamera vizuri hata karibu na ardhi. Weka kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisihusike.

Kabla ya kupiga magoti, angalia unapigia wapi: siafu, miiba, nyoka, na pia miche midogo ambayo goti lako litaiua. Jani kavu linalong'aa nyuma ya kitu liondoe kwa mkono. Nyasi hai ikunje kando na uirudishe ukimaliza. Viota, mayai na tando za buibui haviguswi.

Simu

Simu inaweza kazi hii kuliko inavyosifiwa, ukiinyima uhuru wa kujiamulia. Bonyeza kitu kwenye skrini na ushikilie hadi fokasi na mwanga vifungwe, kisha buruta kidole chini kupunguza mwanga hadi sehemu inayowaka irudishe rangi yake. Simu nyingi, ukikikaribia kitu, huhamia zenyewe kwenye lenzi pana. Lenzi hiyo hukulazimisha kusogea hadi sentimita chache, kivuli cha simu kinaangukia kitu, na mandhari inaingia nzima na fujo zake. Zima uhamaji huo, tumia lenzi ya mara mbili au tatu, urudi nyuma hadi ikubali kulenga. Hali ya picha za sura, ile inayofifisha nyuma kwa hesabu, hukata malaika ya bua kama mkasi butu. Iache. Na ile HDR inayofungua vivuli vyote kwa nguvu inafuta kazi yote ya jua la ubavuni; kama inazimika, izime.

Suke moja, hatua kwa hatua

Chukua suke la nyasi la sentimita 10 lililosimama peke yake, na mita tatu nyuma yake kuna kichaka kilichokwisha kuingia kivulini. Jua liko mbele yako, nyuzi 8 hivi, juu kidogo na upande wa kulia wa suke, nje ya fremu. Kwa lenzi ya makro, yaani ya kupigia vitu vya karibu sana, ya milimita 100, simamisha kamera kwa urefu na ukae takriban sentimita 55 kutoka kwenye suke hadi kihisi. Suke litajaza fremu karibu yote, na kwa f/5.6 utakuwa na ukali wa kama milimita 5, ambao unalitosha suke lenyewe bila kuamsha matawi ya nyuma.

Anza na ISO 400, shata 1/500. Piga moja, tazama vile vinywele vya ukingoni. Vikiwa vyeupe tupu, panda hadi 1/800 au 1/1000. Mwili wa suke utaonekana mweusi zaidi, na ni sawa. Hapo ndipo karatasi nyeupe inapoingia, chini ya lenzi, ikirudisha jua kuelekea suke.

Sasa isogeze kamera sentimita 5 kulia, huku suke likibaki katikati. Nyuma yake, kwenye kichaka, mandhari imehama karibu sentimita 30. Kwa msogeo huo mdogo unaweza kuliondoa tawi jeupe lililolikata suke shingoni, au kuingiza tundu la mwanga kati ya majani ambalo litageuka duara laini nyuma ya bega lake. Matundu hayo yawe mawili au matatu. Yakizidi, jicho linayahesabu badala ya kuliona suke. Yakiwa na umbo la yai kwenye kona za picha, ni tabia ya lenzi iliyofunguliwa sana. Funga hadi f/5.6 au f/8 na yatakuwa mviringo zaidi, ingawa kuanzia hapo pembe za mabamba zitaanza kujitokeza.

Ukungu ukitanda, kiganja. Suke zima likiwa jeusi bila ukingo, jua limepanda mno au umekaa nje ya mstari wake: shuka, au sogea hadi suke lije karibu zaidi na lilipo jua. Ukingo ukiwaka upande mmoja tu, jua liko kando kupita kiasi. Hilo si kosa, ni chaguo.

Jua likishaondoka

Usifungashe. Kwenye ikweta una kama dakika 20 kabla ya giza kukaa sawasawa, na mahali pa mbali na ikweta zaidi ya hapo. Vivuli vimekwisha, mwanga unatoka anga lote, mpana na laini, wenye waridi upande wa magharibi na bluu juu. Vitu vilivyokuwa na kelele nyingi mchana, kama kuvumwani lililolowa, majani yanayong'aa au kokoto ndani ya maji, sasa vinatulia na rangi zake kujaa. Gome na mchanga havina tena la kusema.

Hapa tripodi si hiari. Dakika kumi baada ya machweo tarajia f/8, ISO 400, shata ya 1/8 au ndefu zaidi, kwa hiyo acha chochote kinachopeperuka. Weka weupe kwenye alama ya jua bado; ubuluu utaingia wenyewe, na ukiona umezidi, ongeza hadi 6000. Zima kitulizi cha mtikisiko cha lenzi kama kamera iko kwenye tripodi imara, maana baadhi ya vitulizi hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuutengeneza. Na ukiona buibui ameanza kusuka utando mpya saa hizo, kama wengi wafanyavyo usiku ukiingia, kumbuka mahali. Asubuhi, jua likiwa chini vivyo hivyo upande wa pili, utando huo utakuwa na umande.